Unatafuta hela ya PhD ya jenomiki? Anzia kwenye nauli ya mgonjwa

Dedilaini zikikaribia tu napata imeili zile zile, "kaka naomba unipitishie macho propozali yangu", nafungua, paragrafu ya kwanza Waafrika tumeachwa nyuma kwenye jenomiki, yaani utafiti wa vinasaba, ya pili tumeachwa nyuma, ya tatu bado tumeachwa, halafu ukishuka kwenye bajeti hamna hata shilingi ya nauli ya mama anayetoka Kisarawe kuja kliniki. Sasa huko kuwajumuisha Waafrika kuko wapi? Mi mwenyewe ya kwanza nilipigwa chini kwa kosa hilohilo, kwa hiyo sikucheki.

Anza na swali linalotoka kwa mgonjwa, mashine baadaye. Mfano wangu wa siku zote ni efavirenzi. Hii ARV watu wazima walipewa miligramu 600 kila mtu kwa miaka mingi, wagonjwa wanalalamika ndoto za ajabu, kizunguzungu, kichwa kama umelewa, wanaambiwa utazoea. Kumbe kuna jeni inaitwa CYP2B6, ina aina yake inayofanya ini livunje dawa polepole, na aina hiyo iko kwa wingi zaidi kwetu kuliko Ulaya, kwa hiyo dozi ileile kwa mtu wa hivyo inarundikana kwenye damu. Zimbabwe walipoanza kuitumia kwa wingi mwaka 2015 malalamiko yakawa mengi. Leo ARV nyingine, dolutegravir, imeshachukua nafasi yake ila somo liko palepale. Au chukua kipimo cha sukari cha HbA1c, kwa mtu anayebeba jeni moja ya selimundu kinaweza kusoma chini kuliko sukari aliyonayo kweli, na wabebaji hapa kwetu ni wengi mno. Riviua, yule anayepima maombi ya hela, akisoma kitu kama hicho hahitaji kubembelezwa.

Takwimu ya kufungulia weka moja tu, mwaka 2016 ilipohesabiwa, asilimia 81 ya watu walioshiriki tafiti za kupekua jenomu nzima (vinasaba vyote vya mtu) walikuwa wenye asili ya Ulaya. Basi, songa mbele.

Halafu usiombe kusoma jenomu nzima za watu 500 kwa hela ya PhD, utachekwa. Chagua vinasaba vichache vyenye maana kwa swali lako, vipime kwa PCR (kipimo cha maabara kinachonakili kipande cha DNA), na kama unataka data kubwa ipo ya H3Africa, mradi wa jenomiki wa Afrika, iliyokusanywa kati ya 2012 na 2022, iombe kwa utaratibu wake.

Sasa bajeti, hapa ndo ukae muda mrefu. Andika nauli ya kuja na kurudi, na ya mtu anayemsindikiza mgonjwa, chai na andazi kwa aliyekuja bila kula, vichupa vya damu vya kofia ya zambarau, friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri na dizeli ya jenereta (umeme ukikatika Ijumaa usiku Jumatatu unakuta sampuli zimeyeyuka kuwa supu). Weka pia siku za kuijaribu fomu ya ridhaa kabla ya kuanza. Fomu yangu ya kwanza iliandika "vinasaba vyako vitahifadhiwa", bibi mmoja akasikiliza mpaka mwisho akauliza, "mjukuu wangu, hiyo damu mnaenda kuiuza wapi?" Tukaandika upya, tukaeleza damu inakaa wapi, nani anaigusa, na akibadili mawazo afanyeje. Hiyo kazi ilikula wiki 3 na haikuwa na hela, ndo maana nakwambia iweke.

Vibali navyo vina gharama na vinakula miezi. Tanzania kuna NIMR kwa maadili na COSTECH kwa kibali cha utafiti, Kenya kibali cha utafiti ni NACOSTI, na sampuli ikitoka nje ya nchi lazima pawe na mkataba wa kuihamisha. Usiandike "mwezi wa 1 kibali, mwezi wa 2 kukusanya", riviua aliyewahi kufanya kazi huku atakujua hapohapo.

Hela zenyewe: kama umeajiriwa kwenye chuo au taasisi mshirika angalia CARTA, mpango wa kufadhili PhD za afya Afrika, iko tangu 2008 chini ya APHRC, kituo cha utafiti wa afya cha Nairobi, na chuo cha Wits cha Afrika Kusini. Kina dada kuna tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya wanasayansi vijana wa Afrika kusini mwa Sahara. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wana ufadhili wa kusoma humuhumu ukanda wetu. DELTAS Africa, mpango wa kufadhili miradi ya sayansi Afrika, haiombwi na mwanafunzi peke yake, unaingia kupitia mradi, kwa hiyo tafuta supavaiza aliyemo. Mliopo Marekani, F31, ufadhili wa PhD wa NIH (taasisi za afya za serikali ya huko), inataka uraia au makazi ya kudumu. Na usitegemee mfuko mmoja, mwaka 2025 NIH ilisimamisha kutoa ruzuku ndogo mpya zinazopitia mradi wa Marekani kwenda taasisi za nje ya nchi hiyo na kuna watu mipango yao iliyeyuka.

Kabla ya kutuma mpe muhtasari nesi wa kliniki unayokusudia, asome kwa sauti mbele yako, we kaa kimya. Akifika katikati akauliza "kwa hiyo dokta mnataka nini hasa?", usitume bado, rudi mezani.