Dreni nyumbani: jinsi ya kuifunga isikuvute usiku kucha

Wiki iliyopita jirani yangu wa ploti alirudi nyumbani baada ya upasuaji wa titi, dreni, yaani mrija wa kutoa maji ya kidonda, inatoka chini ya kwapa, kichupa kinaning'inia, na mkononi karatasi ya maagizo ya Kizungu. Saa tano usiku akanipigia simu analia, ati kidonda kinamchoma kama moto. Mimi niliwahi kukaa na dreni kama hiyo siku 14, basi nikavaa slipa nikapanda gorofa mbili, na kabla hata sijakaa nikaona shida iko wapi. Kichupa alikuwa amekifunga kwa sketi. Kosa langu lilelile!

Hii ni ya dreni ya kufyonza, ile yenye kichupa laini cha plastiki cha kukamua, ukubwa wa embe hivi. Kama yako ni ya ndani ya kifua, ya nyongo au ya mkojo, hizo zina masharti yake, usifuate haya yangu, muulize sista wa wodi yako.

Hatua ya 1: Dawa kabla ya maumivu

Usingoje uanze kulia ndio umeze. Kama daktari amekuandikia Panadol za kawaida za miligramu 500, mtu mzima kwa kawaida humeza 2 kila baada ya saa 6, na zisipite 8 kwa saa 24. Ukiwa na mafua ukameza na dawa zake, soma pakiti kwanza maana nyingi zina dawa hiyohiyo ndani na utajikuta umezidisha bila kujua. Ukienda kwa kemisti ukasema una maumivu utapewa diklofenaki haraka sana, kataa mpaka umuulize daktari wako, kuna watu haziwafai hasa wakitoka tu kwa upasuaji. Mimi humeza nusu saa kabla ya kushughulika na mrija.

Hatua ya 2: Funga kichupa mahali panapofaa (hapa ndipo pana kazi)

Sikiliza. Kinachouma sana mara nyingi si ule mkato wenyewe, ni pale mrija unapotokea, manake umeshikwa kwa uzi mmoja au miwili tu kwenye ngozi, na kila kichupa kikivutwa ule uzi unavuta ngozi. Mimi siku tatu za kwanza nilidhani kidonda kinaoza. Nikatumbua macho kutoka saa tano usiku mpaka saa kumi alfajiri, nimegeuza mto kila namna, nimemeza dawa, nimeomba, hakuna kitu. Asubuhi nikaingia choo, nikashusha sketi, nikaona nyota. Ndio nikaelewa. Mrija unatoka kwapani na kichupa kiko kiunoni, kwa hivyo kila nikiinama, nikikaa, nikienda haja, sketi inashuka na kwapa linavutwa.

Kwa hivyo kichupa kifungwe kwa nguo iliyo upande wa kidonda na inayotembea pamoja na kidonda. Dreni ya kwapa au titi, funga kwa ndani ya shati, chini kidogo ya kidonda ili maji yasirudi juu. Dreni ya tumbo, hapo sawa, kiuno kinafaa lakini tumia mkanda wa leso, si suruali utakayoshusha. Pini ipite kwenye kile kikono cha plastiki kilichoko juu ya kichupa. Kamwe usidunge mrija! Ukiutoboa hewa itaingia na kichupa hakitafyonza tena.

Halafu kitanzi. Hapa ndipo watu wengi hawaambiwi. Acha mrija ulegee, uzungushe upate mviringo kama wa vidole vitatu, kisha bandika plasta juu ya ngozi sentimita 5 hivi kutoka pale unapotokea. Usibandike mrija umelala bapa kwa ngozi, ukivutwa plasta itang'oka. Zungushia plasta mrija kwanza mpaka ishikane yenyewe kwa chini, ndio ubandike mabawa yake mawili kwa ngozi. Sasa mtu akivuta, inavutwa plasta, si uzi. Usifunike mshono wenyewe kwa plasta hiyo, na usikunje mrija mpaka ujifinye, maji hayatapita. Kila siku sogeza plasta mahali pengine kidogo ngozi ipumue.

Plasta gani? Ya karatasi, ile nyeupe nyepesi. Ile ngumu ya kahawia ya kitambaa sitaki hata kuiona, ilinichuna ngozi nikabaki na vidonda viwili badala ya kimoja. Na nguo, achana na blauzi za kuvaa kichwani, mkono hauinuki. Nenda Gikomba au Toi, masoko ya mitumba ya Nairobi, utafute mashati ya wanaume makubwa ya vifungo, ama utumie dera, dera linaficha kila kitu hata wageni hawajui una kichupa.

Jirani tulimfunga hivyo, akalala kabla sijafika mlangoni.

Hatua ya 3: Kumwaga

Nawa mikono, fungua kizibo, mwaga kwa kikombe cha kupimia, bana kichupa mpaka kikunjamane, funga kizibo kikiwa bado kimebanwa. Andika tarehe, saa, mililita na rangi. Usisuuze ndani. Mwaga kikifika nusu, usingoje kijae, kwanza kikijaa hakifyonzi, pili kinakuwa kizito na tumerudi kwa stori ya kuvutwa.

Hatua ya 4: Kukamua mrija

Ukiona vipande vya damu vimeganda ndani au nguo inalowa pale mrija unapotokea, huenda umeziba. Kwanza uliza hospitali yako kama wanataka uukamue, wengine hawapendi. Wakikubali, bana mrija karibu na ngozi kwa vidole vya mkono mmoja na ushike IMARA, hiyo ndio breki, usiiachilie hata kidogo, halafu kwa mkono wa pili finya na uteleze kuelekea kwa kichupa. Paka sabuni kidogo kwa vidole ndio viteleze. Nilijaribu mara ya kwanza bila kushika juu, nikauvuta wote, sitaki kukumbuka.

Hatua ya 5: Kulala, kutembea

Lala chali au upande ule mwingine, mto mmoja chini ya mkono wa upande wa dreni, kichupa mbele yako uweze kukigusa gizani. Bega usiligandishe, fanya yale mazoezi madogo uliyopewa, lakini jerikeni ya lita 20 waachie wengine hata kama maji ya mfereji yanakuja Jumatano tu.

Kwa matatu: ondoka baada ya saa nne asubuhi, usikae nyuma kabisa kwa sababu kila tuta utalilipa wewe, na ukae dirishani dreni ikiwa upande wa dirisha, si upande wa njia ambapo makanga na mabegi yanapita. Mwambie makanga mapema una kidonda asikushike mkono kukupandisha. Wanaelewa, wakiambiwa.

Kuoga ni kitambaa na beseni mpaka daktari aseme vingine.

Usingoje asubuhi kama:

joto limefika 38, wekundu unasambaa, kuna usaha au harufu mbaya, damu nyekundu mbichi imejaa ghafla, au dreni imeacha kutoa na pamevimba. Kichupa kikikataa kubaki kimekunjamana hata baada ya kukagua kizibo, piga simu. Mrija ukichomoka, usiurudishe ndani! Weka gozi safi, bana kidogo, nenda hospitali.

Hatua ya 6: Kutolewa

Madaktari wengi huangalia kama umetoa chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo, ingawa kila mmoja ana kipimo chake, ndio maana beba lile daftari. Rangi nayo huwa imetoka kwa nyekundu ikawa ya waridi kisha njano kama chai ya rangi nyepesi. Meza dawa yako saa moja kabla ya kufika. Wanakata uzi, wanakuambia utoe pumzi, wanavuta. Ni sekunde chache, unahisi kama nyoka anatambaa ndani, si maumivu ni ajabu tu. Beba shati lingine, hako katundu kanaweza kuvuja kidogo siku moja au mbili.