Mjusi-ndevu wako hakui? Anza na jiwe, si na chakula

Desemba mpwa wangu wa hapa Leicester alinipigia simu: "Mjomba, Kitumbua hakui." Kitumbua ni mjusi-ndevu, yule anayeuzwa huku Uingereza kwa jina la bearded dragon. Asili yake ni nyika kame za Australia. Ukiwajua wale mijusi wa vichwa vyekundu wanaoota jua juu ya mawe ya Mwanza, basi hao ni ukoo mmoja naye. Alikuwa na miezi minne na gramu 21, uzito wa mtoto wa miezi miwili. Dukani walimwambia kijana aongeze chakula. Aliongeza, na mjusi akazidi kukiacha.

Hatua ya 1: Mpime

Mizani ya jikoni ya dijitali, bakuli, mara moja kwa wiki, asubuhi kabla hajala. Andika namba. Kwa kumtazama tu utajidanganya.

Hatua ya 2: Akae peke yake

Kitumbua alikuwa anakaa na nduguye. Yule mkubwa alikuwa akimlalia mgongoni, na mpwa wangu akapiga picha akidhani ni mapenzi. Si mapenzi: anamnyang'anya joto na mwanga. Wengine huishia kung'atwa vidole na mikia. Watenganishe leo.

Hatua ya 3: Pima joto la jiwe analootea

Hapa ndipo nilipopoteza wikendi nzima, na mimi nafuga hawa wanyama mwaka wa sita.

Mjusi hana joto lake mwenyewe. Asipopata moto wa kutosha tumboni, chakula hakisagiki, na asiyesaga hali. Kwa mtoto, jiwe la kuotea liwe nyuzi 40 hadi 42, upande wa baridi nyuzi 24 hadi 27, na usiku zima taa zote mradi chumba kisishuke chini ya 18. Balbu nyekundu za usiku ni za kutupa.

Kipimajoto cha mshale kilichobandikwa ukutani mwa kizimba kilisoma 40, tukaridhika. Kumbe kilikuwa kimebandikwa juu, karibu na balbu. Kilikuwa kinapima joto la balbu, si la jiwe. Nikaleta kile cha kunyoosha kama bastola. Nikakielekeza kupitia mlango wa kioo, kikasoma 26. Nikashtuka, nikatoka kununua balbu ya wati 150. Baada ya saa moja Kitumbua amekimbilia kona ya baridi, kinywa wazi, nami bado nasoma 27 kupitia kioo kilekile. Kinywa wazi akiwa ametulia juu ya jiwe ni kawaida, lakini akihema huku anakimbia jiwe, anaungua. Nilipofungua mlango na kupima jiwe lenyewe: 54.

Kipimajoto hicho hakioni kupitia kioo, kinapima kioo. Kwa hiyo fungua mlango, sogea karibu, elekeza wima pale tumbo linapolala, na taa iwe imewaka angalau saa moja. Usitumie kile cha kupimia paji la uso tulichozoea wakati wa korona, maana kimepangwa kwa mwili wa binadamu. Ile nukta nyekundu ni ya kulengea tu, kinachopimwa ni eneo kubwa zaidi, na ukisimama mbali unapima na ukuta. Tulirudisha balbu ya wati 100, tukalinyanyua jiwe kwa kipande cha kigae, tukafika 41. Jiwe likikaribia balbu, mgongo nao unakaribia, kwa hiyo pima pia joto pale mgongo wake unapofikia. Baada ya hapo weka thamostati, kifaa cha kudhibiti joto.

Na jambo la kifamilia: dada yangu alikuwa akizima taa mchana kwa sababu umeme ghali. Namwelewa. Lakini taa iwake kwa muda wa saa 12 hadi 14 kila siku.

Hatua ya 4: Taa ya UVB

UVB ni miale kama ya jua inayomsaidia kujenga mifupa. Nunua tyubu ndefu nyembamba ya aina ya T5, iliyoandikwa asilimia 12 za UVB. Mimi hununua chapa ya Arcadia na sibadilishi. Balbu ndogo za kujisokota siziamini kwa mjusi huyu. Kioo huzuia miale yote ya maana, wavu hupunguza, na mwanga wa dirishani hauhesabiki. Badilisha kila baada ya miezi 12 hata kama bado inawaka.

Hatua ya 5: Chakula

Mwaka 2020 nzige walimaliza mashamba ya watu Kenya, na mimi huku nawanunua kwa pauni ndani ya kiboksi. Mdudu asizidi nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Mara tatu kwa siku, dakika 10 hadi 15, ale atakavyo, kisha toa waliobaki, kwani nyenje humng'ata usiku. Wapakaze unga wa kalsiamu. Mlo wa kwanza saa moja baada ya taa kuwaka, wa mwisho saa mbili kabla ya kuzima. Sukuma wiki iliyokatwa laini kila siku. Parachichi na vimulimuli ni sumu.

Hatua ya 6: Kinyesi

Wiki mbili za joto sahihi bila gramu kupanda? Peleka kinyesi kibichi kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia. Waliofuga kuku wanaijua koksidia, vimelea vya utumbo; mijusi hawa nao wana ya kwao, lakini dawa ya kuku usimpe kwa kukisia. Taya laini, kutetemeka au kuburuta miguu ya nyuma havisubiri wiki mbili: nenda siku hiyohiyo. Nawa mikono kila ukimshika, anaweza kuwa na salmonela, bakteria wanaoharisha watu.

Kitumbua alisoma 21, 23, 28, kisha 36. Kizimba cha futi mbili hakitamfaa muda mrefu. Nunua moja kwa moja cha mbao, sentimita 120 kwa 60 kwa 60, na usikubali kuuziwa cha katikati.