Namna ya Kuitembelea Hifadhi ya Spring Mill, Indiana

Hifadhi ya jimbo ya Spring Mill iko kusini mwa Indiana, Marekani, mashariki kidogo ya mji wa Mitchell. Ndani yake mna kijiji cha walowezi, mapango yenye maji na kipande cha msitu wa kale, na mgeni asiyejipanga huviona kama vitu visivyohusiana. Ushauri wangu ni kuyafuata maji kuelekea yanakotoka, kwa kuwa ndiyo yaliyochonga mapango katika mawe ya chokaa, na ndiyo yaliyowavuta walowezi mahali hapa.

Kiingilio hulipwa langoni kwa kila gari, na magari yenye namba za majimbo mengine hutozwa zaidi. Chagua kipindi cha kati ya masika na vuli ya huko, kwa sababu wakati wa baridi shughuli za kijijini na safari za mashua husimama. Ukifika tu, uliza habari za mashua inayoingia katika mapango ya Twin Caves, maana nafasi ni chache na hujaa mapema.

Anzia kijijini, kwenye kinu cha mawe chenye ghorofa tatu kilichojengwa mwaka 1817, mwaka mmoja tu baada ya Indiana kuwa jimbo. Usikimbilie kuingia. Simama kwanza nje uutazame mfereji wa mbao uliojengwa juu ya nguzo, ambao huyaleta maji kutoka pango la Hamer na kuyamwaga juu ya gurudumu kubwa. Kisha ingia ndani wakati kinasaga, uone jinsi mzunguko wa gurudumu unavyofika hadi kwenye mawe ya kusagia na mahindi yanavyotoka yakiwa unga, ambao unaweza kuununua papo hapo. Kwa maoni yangu, hakuna maelezo ya kitabuni yanayoweza kuyafikia mafunzo ya dakika hizo chache. Kijiji kilikufa baada ya reli kupita kwingine, kikaja kukarabatiwa baada ya hifadhi kuanzishwa mwaka 1927. Unapozunguka katika nyumba za magogo, kumbuka pia kwamba ardhi hii ilikuwa na wenyewe: Wamiami, Wadelaware na Washawnee waliishi na kuwinda kusini mwa Indiana, hadi mikataba ya mwanzoni mwa karne ya 19 ilipowapokonya.

Kutoka kijijini, fuata njia ya miguu iendayo mapangoni. Beba sweta hata katika joto kali, kwani hewa ya ndani hukaa karibu nyuzi 12 za Selsiasi mwaka mzima. Katika Twin Caves huenda ukawaona samaki wasio na macho wanaoishi gizani humo; tulia na usitie mkono majini. Nguo na viatu ulivyovaa katika mapango mengine usije navyo, kwa maana kuvu wa ugonjwa wa pua nyeupe, ulioua popo kwa mamilioni Amerika Kaskazini, huweza kusafiri navyo.

Msitu wa Donaldson, wenye ukubwa wa takriban hekta 27, upewe muda wa kutosha. Umebaki kwa sababu Mskoti George Donaldson, aliyeununua katika karne ya 19, alikataza miti isikatwe na wanyama wasiwindwe. Baadhi ya mialoni yake ina zaidi ya miaka 300, yaani ilikwisha kuwa mikubwa mlowezi wa kwanza alipofika. Vaa suruali ndefu, usiguse mimea yenye majani matatu matatu kwa kuwa mmojawapo huwasha vibaya, na jikague kupe ukitoka.

Ukibaki na nusu saa, pita kwenye jengo la kumbukumbu ya mwanaanga Gus Grissom, mzaliwa wa Mitchell, ambamo mna chombo cha Gemini 3 alichorukia angani Machi 1965.