Kuchagua nodi kwa XSLT: match na select

Vijana ninaofanya nao kazi hapa Sinza, wanaojifunza XSLT (lugha ya kugeuza hati za XML kuwa za muundo mwingine), huja na tatizo lilelile: prosesa, yaani programu inayoendesha XSLT, haijalalamika, lakini ukurasa umetoka mtupu au umejaa maandishi ambayo hakuna aliyeyaomba. Mara nyingi `match` imefanywa kazi ya `select`. Zinafanana kwa sura, kazi zao ni mbili tofauti. Nodi ni kipande chochote cha hati: elementi, atributi au maandishi.

Andaa faili la vituo.xml:

```
<usafiri>
  <njia kutoka="Kimara" kwenda="Kivukoni">
    <kituo badili="ndiyo">Ubungo</kituo>
    <kituo>Magomeni Mapipa</kituo>
    <kituo>Jangwani</kituo>
  </njia>
</usafiri>
```

Hatua ya 1: endesha stailishiti (faili la kanuni za XSLT) tupu

```
<xsl:stylesheet version="1.0"
 xmlns:xsl="http://www.w3.org/1999/XSL/Transform"/>
```

Ihifadhi kama tupu.xsl, kisha andika kwenye terminali `xsltproc tupu.xsl vituo.xml`; xsltproc ndiyo prosesa yetu. Hujaandika templeti (kanuni ya kushughulikia nodi) hata moja, lakini majina ya vituo yametoka! XSLT ina kanuni zake za ndani: ikikuta elementi inashuka kwa watoto wake, ikikuta maandishi inayanakili. Atributi haizigusi, ndiyo maana "Kimara" haionekani. Usiruke hatua hii, kwa sababu maandishi yasiyotakiwa karibu yote hutokea hapa.

Hatua ya 2: andika templeti mbili ndani ya `xsl:stylesheet` (ifungue, usiifunge kwa `/` kama kwenye tupu.xsl)

```
<xsl:template match="njia">
  <h2><xsl:value-of select="@kutoka"/></h2>
  <ul><xsl:apply-templates select="kituo"/></ul>
</xsl:template>

<xsl:template match="kituo">
  <li><xsl:value-of select="."/></li>
</xsl:template>
```

`select` inatembea. Inaanzia kwenye nodi uliyosimama na kwenda kuchukua nyingine. Ukiandika `//kituo` humo ndani, mikwaju miwili inaanzia kwenye mzizi wa hati, na siku utakapoongeza njia ya pili, kila njia itaorodhesha vituo vya njia zote. Kama unataka vizazi vya nodi uliyopo, andika `.//kituo`.

`match` haiendi popote. Inasubiri nodi iletwe, kisha inaipima. Isome kuanzia kulia: `njia/kituo` inauliza kama nodi hii ni kituo, halafu kama mzazi wake ni njia. Basi hakuna haja ya kuandika `/usafiri/njia/kituo` kwenye `match`. Unajifunga bure, na mpangilio wa faili ukibadilika kidogo templeti inakufa.

Hatua ya 3: nodi moja, templeti mbili

Tunataka vituo vya kubadilishia gari viandikwe kwa wino mzito, kwa hiyo ongeza templeti yenye `match="kituo[@badili='ndiyo']"`. Ubungo sasa inakubaliwa na templeti mbili. Inayoshinda ni yenye kipaumbele kikubwa: `*` ina -0.5, jina tupu kama `kituo` lina 0, na sharti la mabano ya mraba linapandisha hadi 0.5.

Hapa ndipo wengi hukwama. `njia/kituo` nayo ni 0.5, na `usafiri/njia/kituo` pia ni 0.5, urefu hauongezi kitu. Ukiwa na `kituo[1]` pamoja na ile ya `@badili`, Ubungo inazigonganisha kwa sare. Kanuni za XSLT 1.0, za mwaka 1999, zinaita hilo kosa, ila zinairuhusu prosesa ichukue templeti iliyoandikwa mwisho. Usiiachie prosesa: andika `priority="2"` kwenye ile unayoitaka.

Hatua ya 4: xmlns

Faili ulilopewa na mtu mwingine likianza na `<usafiri xmlns="http://example.org/usafiri">`, `match="njia"` haitapata kitu, kwa sababu `xmlns` inayaweka majina ya elementi kwenye namespace (nafasi ya majina) hiyo, na `njia` tupu ni jina tofauti. Tangaza `xmlns:u="http://example.org/usafiri"` kwenye stailishiti, kisha andika `u:njia` na `u:kituo`. Atributi ziache zilivyo, `@badili` haihitaji kiambishi. XSLT 2.0 ina `xpath-default-namespace` inayokuondolea kazi hiyo, lakini xsltproc inaishia 1.0, utahitaji prosesa nyingine, Saxon.

Endesha tena. Kichwa kikitoka na orodha chini yake ikawa tupu, kagua `apply-templates`: `u:` imesahaulika kwenye `select`.