Fibromayaljia katika baridi ya Moshi

Mwenye fibromayaljia, yaani maradhi ya maumivu ya muda mrefu mwili mzima pamoja na uchovu, anayeishi Moshi mara nyingi huteseka zaidi Juni na Julai, baridi inapokaza misuli, hivyo kabla ya kuinuka asubuhi ajikande shingo na mabega kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga. Kisha atembee, kwani mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2017 uliyapa mazoezi uzito kuliko tiba nyingine zote. Aanze na dakika 5 kwenye njia isiyo na mwinuko, aongeze kidogo kidogo, na apumzike kabla uchovu haujamlemea, hasa siku anayojisikia mzima, maana kufua nguo zote kwa mkupuo siku hiyo humlaza kitandani kesho yake.