SOMO: Kwa nini RAW inapauka kompyutani wakati JPEG ilitoka safi

RAW ni data ghafi ya kihisi (sehemu ya kamera inayonasa mwanga); JPEG ni picha iliyokwisha kutengenezwa na kamera. Ukipiga shamba la chai Mufindi, kwenye kioo cha kamera kijani kimekolea na mawingu yana umbo. Ukifungua RAW kwenye kompyuta, kwa sekunde moja picha ni ileile, kisha inapauka ukiiangalia. Kamera ni nzima, kadi pia nzima. Ulichokiona mwanzo ni JPEG ndogo ambayo kamera huihifadhi ndani ya faili la RAW. Programu huitanguliza wakati inasoma data, ikimaliza inaweka tafsiri yake.

Data hiyo bado si picha. Katika kamera nyingi kila nukta ya kihisi imefunikwa kichujio cha rangi moja tu: nyekundu, kijani au bluu. Lazima programu ikadirie rangi mbili zinazokosekana, ipandishe mwanga wa kati, iamue nyeupe ni ipi, iongeze ukali na ipunguze chenga (vidoa vidogo vinavyochafua picha). Kwenye JPEG kazi hiyo imefanywa na kamera. Kwenye RAW inafanywa na kompyuta. RAW ni unga, JPEG ni ugali uliokwisha kusongwa. Na unga wenyewe ni mwingi: RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga, JPEG ina 256 kwa kila rangi.

Fuata hivi:

1. Weka RAW+JPEG, kamera ihifadhi zote mbili. Kamera ya megapikseli 24 hutoa RAW ya MB 25 hadi 30 hivi, kwa hiyo beba kadi kubwa.

2. Zima Active D-Lighting (Nikon) au Auto Lighting Optimizer (Canon). Zinainua vivuli kwenye JPEG, na programu nyingi za nje hazizifuati. Active D-Lighting ina kero ya ziada: inaweza kupunguza mwanga wakati wa kupiga, ndiyo maana RAW yako ni nyeusi kuliko ulivyotarajia.

3. WB (mpangilio wa kamera wa kuamua nyeupe ni ipi) iwe jua au mawingu, si otomatiki. Kijani kikijaa fremu nzima, otomatiki huweza kuvuta rangi kuelekea uzambarau. Kwenye RAW hili linarekebishika bila hasara. Kwenye JPEG utahangaika.

4. Fungua RAW kwanza kwenye programu ya mtengenezaji: Digital Photo Professional ya Canon au NX Studio ya Nikon, zote bure. Zinasoma mipangilio ya kamera. Ikifanana na JPEG hapo lakini si kwenye Lightroom (programu ya Adobe ya kuhariri picha), tatizo ni profaili, yaani mtindo wa rangi ambao programu huanza nao.

5. Ndani ya Lightroom, kabla ya kugusa kitelezi chochote, toa profaili ya Adobe Color uweke Camera Standard au Camera Landscape. Wengi huanza na vitelezi, wanapoteza nusu saa kuiga kitu ambacho kipo tayari. Darktable, programu nyingine ya kuhariri RAW, haikusudii kuiga JPEG, usiilaumu.

6. Washa marekebisho ya lenzi, hasa ukitumia lenzi pana. JPEG huenda ilinyooshwa kamerani.

MASWALI

Mwalimu, nikiweka nyeusi na nyeupe, RAW inarudi na rangi. Kwa nini?
Mpangilio huo ni maelezo tu ndani ya faili. Rangi zote zilinaswa.

Mkuu, nguzo za asili za Isimila (Iringa) zimetoka vizuri ila anga limeungua. RAW italiokoa?
Mara nyingi utapata stopu moja hivi (stopu moja ni mwanga mara mbili), kama angalau rangi moja kati ya tatu haijafika kikomo. Zikifika zote, hakuna cha kuokoa. Kumbuka histogramu ya kamera (grafu ya mgawanyo wa mwanga) inatokana na JPEG, hivyo hupiga kelele mapema kuwa mwanga umezidi. Ukiweka kamerani mtindo wa picha wa Neutral itakaribia ukweli zaidi.

Harusi Mbeya mjini, mteja anataka picha usiku uleule. JPEG inatosha?
Inatosha, mradi upige picha ya karatasi nyeupe chini ya taa za ukumbi uweke WB kwa mkono. Taa za rangi zikichanganyika na mwanga wa dirishani, hapo piga RAW+JPEG: JPEG mpe usiku, RAW itengeneze albamu.

Naweza kugeuza JPEG kuwa RAW?
Hapana. Ukiihifadhi kama TIFF (aina nyingine ya faili la picha) ya biti 16 unapata faili zito zaidi lenye ngazi zilezile 256.