Nyayo hazisomwi saa sita mchana

Ukitaka kusoma nyayo za wanyama, ziwe za jana kwenye tope au za kale kwenye mwamba, nenda jua likiwa chini: asubuhi mapema au alasiri ya mwisho. Mwanga wa ubavu hujaza vivuli kwenye kila shimo, na alama usiyoiona saa sita inajitokeza yenyewe. Usiku tochi iliyolazwa karibu na ardhi inafanya kazi ileile.

Kabla ya kupiga picha weka rula kando ya unyayo, na kamera iangalie chini wima, isiinamishwe. Picha isiyo na kipimo ni ya kumbukumbu tu.

Halafu fuata msururu mzima, usiridhike na unyayo mmoja. Tope laini hupanua alama, mchanga mkavu huimeza. Mbwa yuleyule anaweza kukuachia nyayo tatu zisizofanana. Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, kuna nyayo kwenye majivu ya volkano zenye umri wa miaka milioni 3.66. Baadhi yake zilidhaniwa kuwa za dubu, mpaka zilipochimbuliwa upya na kulinganishwa na nyayo za dubu walio hai. Mwaka 2021 watafiti wakatangaza kuwa ni za viumbe wa jamii ya binadamu.

Pwani, maji yakitoka, jaribu mashimo ya kaa: mimina uji mwepesi wa jasi, subiri ugande vizuri, kisha fukua taratibu. Utapata umbo la shimo lote, na mara nyingi lina tawi usilolitarajia. Hakikisha tu mwenyewe hayumo ndani.